Kengele Iliyokatwa Waya

Festus hanipigii simu kunijulia hali. Akinipigia, ujue kuna kitu amekigusa. Asubuhi ile ya Jumatano alianza kwa kuniuliza kama nimeamka salama, kama watoto wameenda shule, kama mvua imefika upande wetu, nami nikamkatiza nikamuuliza amegusa nini. Akasema hajagusa kitu. Ni kompyuta ya redio tu iliyokuwa ikimwomba ruhusa ya kuweka mfumo mpya, imeomba wiki nzima, naye kama mtu mzima mwenye adabu akaikubalia.

"Na sasa imekataa kuwaka?" nikamuuliza.

"Kuwaka imewaka, dada Lorine. Lakini haijui vitu vyake iliviweka wapi."

Nilikuwa nimechoka kabla hata ya kuvaa viatu. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Voi. Nimezaliwa kwenye nyumba za reli, ambako baba yangu Nicodemus alifanya kazi mpaka akastaafu, na kwa hivyo ni Mjaluo asiyejua ziwa lakini anayejua vumbi jekundu lote la mji huu. Miaka yote hii watu wananiletea mashine baada ya kujaribu kuzitengeneza wenyewe. Hakuna anayenijia na ugonjwa mmoja. Huja na ugonjwa pamoja na dawa alizojipa, na hizo dawa ndizo kazi yangu kubwa.

Redio anayoisimamia Festus iko juu ya duka la pembejeo, kando ya barabara ya kwenda Mwatate. Ni redio ndogo ya jamii, inatangaza kwa Kidawida, lugha ya Wataita, na kwa Kiswahili: mahubiri, habari za wakulima, salamu, na zaidi ya yote matangazo ya vifo. Watu wa milimani hawaamini mtu amekufa mpaka asomwe pale. Nilipopanda ngazi nikasikia wimbo ambao nilikuwa nimeusikia nikitoka nyumbani, na tena nikivuka reli. Festus alikuwa ameunganisha laptopu yake kwenye mitambo, na laptopu ilikuwa na nyimbo za injili zisizojaza hata kiganja.

Kwenye benchi la wageni kulikuwa na mwanamume amekaa, helmeti ya pikipiki magotini, vumbi limemkaa hadi kwenye kope. Festus akaniambia huyo anaitwa Morris, ametoka Taveta alfajiri, mama yake amefariki na anazikwa Jumamosi kule Mghange. Nikampa pole. Nikadhani amekuja kulipia tangazo. Festus akasema hapana, amekuja kutafuta sauti ya mama yake, na sauti yenyewe imo ndani ya ile mashine.

Basi nikavua sweta, nikaketi.

Redio ile huweka rekodi zake zote katika diski nne zinazofanya kazi kwa pamoja. Ni kama watu wanne waliombeba mgonjwa kitandani kumteremsha mlimani. Mmoja akijikwaa, watatu wataendelea kubeba, kwa shida lakini watafika. Wakijikwaa wawili, mgonjwa yuko chini. Mimi mwenyewe ndiye niliyewapangia hivyo, na nilimweleza Festus kwa mfano huohuo, naye alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Kosa la kwanza nililipata upesi. Mfumo mpya ulikuwa umelipa kundi la diski jina lingine, na kompyuta ilipokuwa ikiamka ilikuwa bado inaliita kwa jina la zamani, ikiita na kuita bila kuitikiwa. Hilo ni jambo la dakika chache. Nikarekebisha, nikamwambia Morris asubiri kidogo tu, nikaona kabisa nitakula chakula cha mchana kwangu. Nikawasha upya. Kundi likakataa kusimama. Kati ya diski nne, zilizoitika ni mbili.

Nikaanza kusoma kumbukumbu za mashine, na huko ndiko hasira yangu ilikoanzia. Diski moja ilikuwa imeacha kazi tangu mwaka jana, wakati wa vuli. Tangu siku hiyo redio nzima ilikuwa imebebwa na watatu, na hakuna aliyeniambia. Sasa mashine ile ina kengele ndani yake, king'ora kidogo ambacho diski ikifa hulia bila kukoma. Nikafungua kasha nikakitafuta. Kilikuwepo. Waya wake ulikuwa umekatwa, tena vizuri, kwa koleo.

Nikamtazama Festus. Akatazama dirisha.

Alijieleza. Kengele ilianza kulia wakati wa matangazo ya vifo, na sauti ikaingia hewani. Msikilizaji mmoja akapiga simu kuuliza kama marehemu anayesomwa bado yuko kwenye mashine ya hospitali, maana anaisikia ikilia. Watu wakacheka, wafiwa wakakasirika. Kwenye redio, alisema, kelele ndiyo adui. Akamaliza kelele.

"Mficha maradhi kilio humfichua," nikamwambia. "Wewe kilio chenyewe umekikata waya."

Nikamuuliza ile diski nyingine, maana moja haitoshi kuangusha kundi, nyingine imekwenda wapi. Ikabidi aseme na hilo. Mashine ilipokataa asubuhi alifikiri ni vumbi, akazichomoa diski zote akazipangusa kwa brashi ya rangi, akazirudisha. Mdomo wa kebo moja ulikuwa umepasuka. Baada ya hapo, alisema, skrini ikamuuliza kama aunde kundi jipya la diski, ajibu ndiyo au hapana.

"Ukajibu nini?"

"Nilikuwa nataka kusema ndiyo. Lakini huyu bwana akabisha hodi."

Nikageukia mkoba wangu kutafuta kebo nyingine, kwa sababu maneno niliyokuwa nayo hayafai mbele ya mfiwa. Angebonyeza ndiyo, mashine ingefuta mipaka yote na kuanza upya, na sauti ya yule mama ingekuwa imekwisha kabla mwanawe hajavua helmeti.

Nikabadilisha kebo. Diski ya nne ikaitika, lakini ilikuwa inakwaruza, sauti ninayoijua na nisiyoipenda. Hiyo nayo ilikuwa inakufa. Ile ya vuli haikuwa na msaada, kwa kuwa yenyewe inakumbuka mambo ya mwaka jana tu, na ukiichanganya na wenzake utapata uji. Tumaini lilikuwa kwa huyu mgonjwa wa leo. Njia ni kunakili kila kilichomo ndani yake kwenye diski nzima, polepole, ikikwama irukwe, halafu nakala ile ndiyo ishike nafasi yake. Nilikuwa na diski moja tu dukani kwangu, na nikatuma mtu wa boda akailete. Nikamwambia Morris itachukua hadi kesho, na siahidi kitu.

Akasema atasubiri. Nikamuuliza kwa nini asiende nyumbani kwao Mghange akae na wafiwa, akasema hilo ndilo asiloweza.

Tulienda kukaa roshani na chai, kwa kuwa ukiitazama diski ikinakiliwa haiendi haraka zaidi. Alinieleza kidogo kidogo, huku akigeuzageuza helmeti. Baba yao alipokufa, miaka kadhaa nyuma, yeye hakwenda kumzika. Alikuwa upande wa Holili, ng'ambo ya mpaka, amebeba ndizi za watu, simu imezima, na alipopata habari mazishi yalikuwa kesho yake. Angeweza kufika kwa kuchelewa. Aliona aibu, akabaki. Mama yake akamtumia neno kwamba asikanyage kwake, na kaka yake Obadiah akalishikilia neno lile mpaka leo. Sasa Obadiah amempigia akasema anaweza kuja mpaka kwenye lango kama watu wengine, lakini udongo hatatia, maana mama amekufa na hasira naye.

"Kwetu hiyo hasira haizikwi, madam," akasema Morris. "Mama anaenda, yenyewe inabaki na wewe. Na watoto wako."

Nimekulia hapa, nayajua hayo. Zamani Mtaita aliyekasirikiwa na mzazi hakuombwa radhi kwa maneno matupu. Aliyekasirika ndiye aliyepaswa kuitoa hasira yake. Alichukua maji mdomoni, au maji ya muwa, akasema kinachomuuma, akayapuliza nje, na hasira ikatoka pamoja nayo. Huko ndiko kutasa. Siku hizi wengi ni watu wa kanisa na hawapendi kukutaja, lakini sijaona aliyeacha kuogopa hasira ya mama.

Mwaka huu, aliendelea, mama alimtumia neno lingine kupitia kwa mpwa wake: asikilize redio Jumapili. Basi akasikiliza. Taveta redio ile hushika kwa kukwaruza, kwa hivyo alikuwa anapanda pikipiki mpaka upande wa Salaita ambako inashika vizuri, anakaa kando ya barabara na simu sikioni. Jumapili baada ya Jumapili. Alisikia nyimbo na mahubiri. Akaona mama ameghairi. Juzi, mama alipofariki, mtangazaji mmoja aliyekuwa hapa, Lynn, ambaye siku hizi yuko Nairobi, akamwandikia ujumbe wa pole na kumwambia kwamba aliwahi kumrekodi mama yake kwa kipindi cha mila, akaulizie redioni. Lynn hakusema mama alisema nini, na Morris hakuthubutu kuuliza. Alitaka kusikia kwa sikio lake.

"Na kama amekulaani?" nikamuuliza. Niliuliza vibaya, uchovu hauna adabu.

"Basi nijue," akasema.

Siku ya pili nilikuta nakala imekamilika, isipokuwa sehemu chache ambazo diski mgonjwa ilishindwa kuzisoma. Morris alikuwa amelala kwenye benchi, Festus amemfunika kwa pazia la studio. Nikaiweka nakala mahali pake, nikaitoa kabisa ile ya vuli isije ikajichanganya, nikaangalia mara mbili, nikailazimisha mashine ikubali kusimama na diski tatu. Hapa fundi hana ujuzi tena, anabonyeza na kungoja. Mashine ikafikiri. Kisha majina ya mafaili yakaanza kuteremka kwenye skrini, mengi, mahubiri na salamu za miaka, na sikuona haya kufuta macho yangu kwa mkono wa sweta.

Tulikipata kipindi cha Lynn chini kabisa. Nikabonyeza.

Mimi Kidawida nakisikia vizuri kuliko ninavyokisema. Ilikuwa sauti ya mama mzee, kavu, yenye mzaha. Lynn akamwomba aonyeshe wasikilizaji kutasa kulikuwaje, kwa mfano tu. Mama akamwambia kutasa hakuna mfano. Ukitia maji mdomoni umeyatia, huwezi kudanganya mbele ya Mungu. Lakini kama anataka kuona, yeye anayo ya kwake ya kutoa, ameibeba mpaka mgongo unamuuma. Ikasikika kikombe kikichotwa maji. Akasema ana mwana ambaye hakuja kumzika baba yake, na yeye alimkasirikia kweli, usiku na mchana, na hasira ile haikumrudisha baba wala haikumleta mwana. Akasema, leo ninamtolea mwanangu... na hapo sauti ikakatika, ikawa mkwaruzo, pale diski iliposhindwa. Mkwaruzo ulipokwisha tukasikia mpulizo wa maji kutoka kinywani, mrefu, na matone yakianguka kwenye majani.

Kisha akacheka kidogo, akasema imetoka. Akasema Jumapili atapika kimanga, kile chakula cha Wataita cha mihogo na maharagwe ya kuponda. Mwana akija, msimwache langoni kama mgeni, chungu kiko jikoni.

Morris aliinama mpaka paji la uso likagusa helmeti. Halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba jina limekatika, jina lake halimo, Obadiah atasema si yeye.

"Wangapi kwenu hawakuja kumzika baba?" nikamuuliza.

"Ni mimi tu."

"Basi usinisumbue."

Alicheka huku analia, na hapo ndipo akageuka kwa Festus. Alimuuliza kwa upole kabisa walikicheza siku gani kile kipindi, maana yeye alisikiliza.

Festus alikuwa amesimama mlangoni. Ningependa kusema alitafuta uongo, lakini hakutafuta. Alisema hawakukicheza. Mchungaji mmoja wa kamati ya redio alipata habari kwamba Lynn amerekodi matambiko, akasema wasikirushe. Yeye Festus hakutaka maneno, akakiweka tu ndani ya mashine, akafikiri ni kipindi kimoja, vipindi viko vingi. Mama alipiga simu mara mbili kuuliza kitachezwa lini. Alimwambia Jumapili ijayo.

Wimbo uleule ulikuwa unaanza tena kwenye laptopu. Nilikuwa nafikiria yule mama na chungu chake cha kimanga, akingoja Jumapili ambayo haikufika, na huyu naye huko Salaita na simu sikioni, akiamini mama amekataa kusema. Nilimchukia Festus wakati ule, na sikuwa na sababu ya kuficha.

Morris akasimama. Akaomba maji. Festus akamletea kwenye kikombe cha plastiki. Morris akajaza kinywa... nami, Mungu anisamehe, nikawahi kuifunika mashine kwa sweta.

"Si hapa," nikasema. "Tafadhali. Nendeni roshani."

Akayatema maji ndani ya kikombe, akatii. Wakatoka wote wawili, na mlango ukabaki wazi, kwa hivyo niliona na kusikia.

"Nina hasira na wewe, Festus," Morris akasema. "Nimekuwa nayo sasa hivi, lakini ni kubwa. Nikienda nayo Mghange nitamzika mama nikiwa nayo. Itoke."

Akachota funda lingine, akalipuliza juu ya ukingo wa roshani, kwa ufundi mdogo, nusu likamrudia kifuani. Chini, mbele ya duka la pembejeo, mama mmoja akatazama juu na kuuliza nani anatema mate. Festus alikuwa ameshika ukingo kwa mikono yote miwili, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Nilirudi kwenye mashine. Hasira yangu mimi sikuipuliza, mila hiyo si ya kwetu, na tena fundi akiwa hana hasira kidogo kazi haziishi. Nilinakili kipindi kwenye simu ya Morris, naye akashuka kwenda kutafuta mafuta ya pikipiki. Nilipokuwa nafunga kasha, nikaona ule waya. Nikamwambia Festus kwamba kundi bado lina diski tatu tu, nyingine lazima itoke Mombasa wiki ijayo, na kengele nikiiunganisha leo italia mpaka siku hiyo, hewani na nje ya hewa.

"Unganisha," akasema.

Ijumaa jioni, wakati wa matangazo ya vifo, nilikuwa dukani kwangu na redio imewashwa. Festus mwenyewe alisoma. Alimsoma Rachel, mama Obadiah na mama Morris, wa Mghange, na nyuma ya maneno yake kengele ilikuwa inalia, tii, tii, tii. Kisha akasema kwamba marehemu aliiachia redio hii neno kwa mwanawe, na redio hii haikulifikisha, na kosa ni lake. Akacheza kipindi, chote, na mkwaruzo wake. Sijui kamati ilimwambia nini baadaye. Sikuuliza, na bado ni meneja, na bado anagusa vitu.

Yaliyotokea Mghange alinieleza Morris aliporudi kuniletea mkungu wa ndizi. Alikuwa amefika jioni ile na hakuingia. Alisimama nje ya lango na simu mfukoni, akitafuta namna ya kumwambia kaka yake asikilize, na kila namna aliiona kama ya mtu anayejitetea. Uani watu wa matanga walikuwa wamewasha redio, wanangoja jina lisomwe. Likasomwa. Halafu sauti ya mama ikatoka katikati yao. Waliokuwa wakimenya viazi wakaacha. Mpulizo uliposikika, bibi mmoja akaitikia kama watu wa zamani walivyokuwa wakiitikia, kisha akakumbuka kanisa akafunika mdomo. Mama akacheka, akataja kimanga, akasema msimwache langoni kama mgeni.

Ndipo watu wakageuka, wakamwona amesimama hapo hapo.

Obadiah hakumwita. Aliinuka, akaingia jikoni akakaa kidogo, akatoka na sahani, akavuka nayo ua wote. Alimkabidhi juu ya lango kwanza, halafu kama mtu aliyekumbuka akalishika komeo akalifungua. Chakula kilikuwa kimepoa, Morris aliniambia. Alikila kwa kusimama, mpaka kaka yake akamwambia aketi.